Mnara wa Raia

Jirani yetu wa Mbagala, Temeke, aliyeziteremsha ndege za jeshi salama salimini hata akastaafu, alipoazimia kuhamia mnara wa kuongozea ndege za raia alielezwa kwa taadhima kwamba, maadamu Mkataba wa Chicago wa 1944 wazihusu ndege za kiraia tu, na kanuni zake zataka saa zisizopungua 90 za kazi chini ya uangalizi katika kituo chenyewe, ujuzi wake ni mkubwa, ila haupo. Kana kwamba upepo nao huvua magwanda uvukapo lango la kambi. Basi sasa kila asubuhi mkufunzi wake, kijana wa hirimu ya mwanawe wa mwisho, humwamkia, “Shikamoo, mzee,” naye, visigino vikigongana, hujibu: “Ndiyo, afande!”