Howard Muungwana, Heidi Mroho

Katika mwaka wa 2003, Frank Flynn, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Columbia, New York, aliwapa baadhi ya wanafunzi wake wa biashara kisa cha Heidi Roizen, bibi atiaye rasilimali katika biashara za watu, na wengine akawapa kisa kile kile, pasipo kupunguza nukta, ila jina likawa Howard. Nao, kwa insafu yao iliyokamilika, wakakiri kuwa wote wawili ni hodari sawasawa, lakini Howard ni muungwana wa kusuhubiana naye, na Heidi ana ubinafsi. Ajabu ya taaluma! Bibi Khadija binti Khuwailid, aliyewaajiri wanaume kumpelekea bidhaa zake Sham, labda mabwana na mabibi hawa wangemnasihi, kwa adabu zote, ajiite Khalid.