Sifa za Kayovu

Wamesifiwa simba, farasi na majahazi, wala sijaona aliyemkumbuka fukusi wa migomba, mdudu mweusi asiyezidi ukucha wa kidole, ambaye kwa Kiganda, kwa ajili ya ule mkonga wake, huitwa kayovu, yaani kijitembo. Nami, niliyemlisha miaka mitatu katika kishamba changu nyuma ya nyumba hapa Nakawa, naona ni wajibu wangu kulilipa deni hilo.

Fadhila yake kuu ni kwamba anazo mbawa, naye aghalabu haruki. Amezikunja mgongoni kama mzee akunjavyo joho la arusi sandukuni, akaridhika kwenda kwa miguu, usiku, hatua chache. Na kwa mwendo huo wa taadhima ametoka Asia ya kusini mashariki, akavuka bahari, akaenea karibu kila nchi yenye migomba, bila ya pasi wala nauli, kwa kuwa daima hamkosi mwungwana wa kumbeba: jirani akupaye chipukizi kwa mapenzi, ilhali ndani ya tunguu mna mayai. Tai huchoka, kayovu hubebwa. Sultani gani alipata machela ya namna hiyo?

Ni mvumilivu, hukaa miezi bila ya chakula. Ni mkimya. Ukimgusa hufa, ukimpa mgongo hufufuka.

Lakini mgomba wangu, jamani! Mkungu wa chane tisa, ulikuwa umebakiza majuma mawili, nikaukuta umelala, tunguu limetobolewa kama chujio. Nikaenda katika ofisi moja, siitaji, kumwomba afisa aje atazame. Gari alilopewa la kuzungukia mashamba lilikuwapo, limeoshwa, liko chini ya mwembe, dereva yupo, mafuta, nikaambiwa, yako njiani. Nikabisha mlango wa bwana mwenyewe: kimya. Nilipofika ngazini nikamsikia akicheka.

Safari ya tano nikapewa machipukizi sita ya bure, kwa sahihi tatu na muhuri, nami nikayapakia kwenye bodaboda kwa shukrani nyingi. Wataalamu wa kituo cha utafiti cha Kawanda wamekwisha kutufundisha kuyamenya matunguu na kuyachovya katika maji ya moto kabla ya kupanda. Sikufanya, kwani yalikuwa na muhuri.

Mgomba wa nne kati ya hiyo sita umeanguka juzi usiku, wala hapakuwa na upepo.