Sinema Bure, Sebuleni

Wazee wa Tanga wanautaja ukumbi wa sinema wa Majestic kama waliosoma hapo. Enzi za Raj Kapoor na filamu yake Awaara ya 1951, mtu alioga, akapiga pasi shati, ndipo akapanga foleni ya tikiti. Televisheni ikaingia Tanzania Bara mwaka 1994, tukaendelea: sasa sinema iko sebuleni, bure. Bure ya king'amuzi, umeme wa LUKU na bando! Muigizaji akianza tu kulia, mama anauliza nani kamaliza mkate wa kumimina. Mtoto kakalia rimoti. Shemeji, aliyekwisha kuiona jana kwenye simu, anatutajia muuaji. Majestic angezomewa mpaka atoke. Hapa utamzomeaje, na LUKU ya leo kanunua yeye?