Ile Bia ni ya Koa, Shangazi

Leicester, mwanzoni mwa Juni

Shangazi yangu mpenzi,

Madhumuni ya barua hii ni kuwahi maneno. Kuna ndugu mmoja wa Pongwe, tunaswali naye hapa, ambaye wiki iliyopita alinikuta dukani na bia nne kwenye kikapu. Najua keshapiga simu. Kama habari haijafika barazani kwako Muheza, basi iko Segera inasubiri gari. Na habari yenyewe ni ya kweli: bia nilinunua, kwa pesa yangu, mchana kweupe. Ila nisikilize tangu mwanzo, maana kisa kinaanzia kwenye majani.

Mwaka jana nilikwambia nimepata nyumba yenye shamba. Nilikosea kusema shamba. Ni kipande nyuma ya jiko, hatua 15 kwa 7. Ng'ombe akiingia itabidi atoke kinyumenyume. Lakini neno lilishatoka, Mjomba akauliza kama nahitaji msimamizi, na mwanawe nasikia keshapiga picha za pasipoti. Mwambie azitunze.

Kipande hicho robo tatu yake ni majani. Si ya kulisha mnyama, ni ya kutazama. Mwezi Machi, baridi ikianza kulegea, wenye nyumba wa mtaa mzima hutoka na reki kuyakwaruza wang'oe ukoga uliojificha chini. Kisha wanayatia mbolea. Penye upara wanapanda majani mengine, ya kununua, Shangazi, mbegu zinauzwa kwenye boksi. Yakishiba na kurefuka wanayakata. Yaliyokatwa yanatiwa kwenye pipa la kahawia, na halmashauri inanitoza ada ya mwaka ili ije ilimwage. Nimeipiga hesabu hii mara nyingi, mimi niliyesomeshwa uhasibu kwa machungwa yako, na bado sioni faida inaingilia wapi.

Jirani wa kushoto ni mzee wa Kiingereza, mstaafu. Nimempa jina la Mzee Makasi, kwa sababu akimaliza kupitisha mashine hupiga magoti akanyoa kingo za majani kwa makasi marefu, kama kinyozi anayechonga mstari wa paji la uso. Yeye ndiye aliyenieleza kwamba mashine ya kukatia majani ilibuniwa mwaka 1830 na mtu wa Stroud aitwaye Edwin Budding. Budding aliona kiwandani mashine ya kunyoa manyoya ya kitambaa cha sufu, akawaza kuishusha chini inyoe ardhi. Tena kwenye maombi yake ya hataza aliandika kuwa waungwana wataona kuisukuma wenyewe ni burudani na mazoezi ya afya. Mwungwana mmoja yuko hapa, amesukuma kuanzia Aprili, mgongo unamuuma.

Usiku wa kuamkia Jumapili ya mwisho ya Machi nao wana jambo lao: saa saba ya usiku inarukishwa kuwa saa nane; sheria ya kusogeza saa ilianza mwaka 1916. Ndiyo maana siku ile nilikupigia ukiwa umeshalala. Kabla yake mlikuwa mbele yetu saa tatu, sasa mbili, na mimi nilitoa badala ya kujumlisha. Mhasibu.

Tuje kwenye kulima. Shangazi, huku jembe hakuna. Wanalimia uma, uma kama wa kulia pilau ila una urefu wa kiuno, unaukanyaga kwa mguu ukazama, halafu unauegemea kama unayeng'oa kisiki. Siku ya kwanza nilizungukwa na udongo ulionuna, haujapasuka hata bonge moja. Nikasikia sauti juu ya uzio wa kulia: "Wewe kijana, hapana chimba leo. Udongo iko na maji, nakuwa tofali."

Ndivyo nilivyomjua Mama wa Jinja. Ni Mgujarati, alizaliwa Uganda, akaondoka mwaka 1972 Idi Amin alipowapa Wahindi siku 90. Halmashauri ya Leicester wakati ule iliweka tangazo kwenye gazeti la Uganda Argus kuwasihi wasije huku, mji umejaa. Mama wa Jinja anacheka mpaka anashika ubavu: "Sisi hapana jua Leicester. Gazeti nasema hapana kwenda Leicester. Basi, sisi nakuja!" Kwenye banda lake kulikuwa na jembe, jembe kabisa, jicho na yote, mpini tu ndio ulikuwa umeoza. Tulilitia mpini wa beleshi. Siku nilipolinyanyua juu ya kichwa, Mzee Makasi alisimama kwenye uzio wake na kikombe cha chai mpaka nikamaliza tuta la mwisho. Hakusema kitu. Kesho yake aliniomba alijaribu.

Unakumbuka ulivyokuwa ukiniambia: soma, usije ukazeeka umeshika jembe? Nimesoma. Nimelishika kwa hiari yangu, siku ya Jumamosi, na mafuta ya kuchua nimenunua mwenyewe.

Mbegu huku hazitupwi ardhini tu. Zinalelewa. Kuanzia Machi madirisha yetu yote yalikuwa kitalu. Hata mashuka hatukuwa na pa kuyaanika, na mama watoto alikuwa akifungua pazia kwa bismillahi. Viazi navyo majirani walishaniambia niviweke kwenye trei za mayai, macho yakiangalia juu, vichipue mahali penye mwanga. Navyo nusura viwe chipsi. Niliviokoa kimoja kimoja. Nilivipanda Ijumaa Kuu, maana Waingereza wengi wa zamani ndiyo siku yao ya kupanda viazi, na mimi siku hiyo sina kazi.

Kwenye duka la vifaa vya bustani, rafu ya maua, nikakutana na nani? Mchicha. Umechapwa picha kwenye pakiti, mashuke mekundu yananing'inia, umepewa jina la kimapenzi refu kuliko salamu za Bibi. Wanaupanda kwa ajili ya kuutazama! Nilisimama pale nikaona uchungu, kama mtu aliyemkuta ndugu yake amevalishwa sare za mapambo hotelini. Nikanunua pakiti tatu.

Kinyume chake ni rubabu. Mzee Makasi ana mmea wa jina hilo, majani mapana kama ya magimbi, mashina mekundu. Akaniambia chuma utakavyo. Nikachuma majani, mashina nikatupa, tayari nimeshakuna nazi. Alipokuja kuchungulia alivuka uzio kwa kasi ambayo umri wake haumruhusu: majani yale ni sumu, kinacholiwa ni shina. Ananiambia hata wao wenyewe wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia walihimizwa kula majani yake kuokoa chakula, na watu walidhurika. Shina nalo ni chachu kama ukwaju mbichi, linapikwa kwa sukari ya kutosha harusi. Nazi ile tulipikia wali.

Nyie huko masika mnangojea mvua. Huku mvua haina msimu, inakuja kama jirani mwenye shida. Wanachongojea ni joto. Mama wa Jinja alinionya maharage nisiyatoe nje kabla ya mwisho wa Mei, na hata hapo niyazoeze kwanza: mchana yanatoka, jioni yanarudi ndani, wiki nzima, kama mbuzi. Mimi mwanzoni mwa Mei nikaona jua, nikayapanda. Siku ya tatu utabiri ukatangaza jalidi, umande unaoganda ukaunguza jani kama maji ya moto. Saa tano usiku nikatoka na kanga za mama watoto, nikalifunika tuta zima, upepo ulipozinyanyua nikaweka mto wa kochi upande mmoja. Alfajiri Mzee Makasi akachungulia dirishani kwake. Tuta refu, limefunikwa kanga, na mto kichwani. Akaja kugonga mlango kwa upole sana, akauliza kama nyumbani wote hawajambo, na wakati nikimjibu nilimwona macho yake yanatuhesabu.

Maharage yalipona. Kanga mbili hazijapona, na kesi hiyo bado inaendelea.

Sasa koa. Koa unamjua, yule konokono aliyedhulumiwa nyumba. Huku wako wanene kama kidole gumba na wanatoka usiku, mvua ikinyesha, yaani kila siku. Mwisho wa Mei niliuhamishia mchicha nje, miche 30, nimeilea tangu dirishani kama watoto wa kuzaa. Asubuhi nilikuta vijiti 30 na njia za ute zinazometa, zimepishana kama ramani ya Kariakoo. Sijawahi kulia kwa sababu ya mboga. Karibu.

Sumu kali ya vidonge waliyozoea imepigwa marufuku kutumika nje tangu mwaka 2022, kwa kuwa ilikuwa ikiua mpaka ndege na kalunguyeye. Zipo dawa nyingine, ila Mzee Makasi anaamini moja tu, ya babu yake. Unafukia kikombe kwenye udongo, mdomo uchomoze kidogo ili wadudu wema wasitumbukie, unatia bia nusu. Koa anafuata harufu ya hamira, anainama kunywa, anaangukia ndani, anazama.

Hivyo ndivyo nilivyojikuta, kwa mara ya kwanza katika miaka yangu 41, mbele ya rafu ya bia, sijui hata ipi ni ipi. Nikachukua ya bei ya chini. Nikaenda kwenye mashine za kujilipia ili nisionane na mtu. Kumbe mashine ikigundua pombe haikubali: inawasha taa nyekundu, inapaza sauti kumwita mfanyakazi aje athibitishe umri wako. Duka zima likageuka. Na katika hilo duka zima alikuwemo ndugu yetu wa Pongwe, ameshika maziwa.

Akasema assalaam alaykum, macho kwenye kikapu.

Nikasema, "Ni ya koa."

Akasema, "Koa ndiyo nani?"

Nikaanza kumweleza kikombe, udongo, ute. Shangazi, kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyozidi kufanana na mlevi.

Usiku ule nilifukia vikombe viwili. Asubuhi koa 11, wamekufa. Nilipomsimulia Mama wa Jinja aliniangalia kwa huruma. "Wewe jinga? Koa hapana taka bia, yeye nataka hamira. Weka maji, sukari, hamira. Basi." Yaani mchanganyiko ule ule wa mahamri, kabati letu wenyewe, bila taa nyekundu. Tangu Jumatatu ndio ninaotumia na unafanya kazi. Nimeshapanda mchicha mwingine kutoka pakiti ya pili.

Mbegu za mnavu nilizokuomba usizitie kwenye bahasha. Za kupanda zinataka hati ya afya ya mimea, na mimi kwa sasa sitaki tena kusimamishwa popote mbele za watu.

Barua hii nakuomba uisome kwa sauti barazani, baada ya Alasiri, Mjomba akiwepo. Akiuliza hesabu mpe: bia zilikuwa nne. Mbili wamelewa koa. Mbili nimempa Mzee Makasi, naye hakuzifukia.

Mwanao,
wa Leicester