Mwisho Elfu Ishirini

Mtaani kwetu Tabata ukimwuliza mwanamke yeyote anakunywa waini gani, jibu ni moja. Ni ile nyekundu, tamu, ya Afrika Kusini, isiyokosekana kwenye kicheni pati, sendofu wala kipaimara. Jina silitaji kwa sababu hawanilipi. Ina sifa zake: haikuni koo, haimtishi mama mkwe, na mtoto akiuliza unakunywa nini unaweza kumjibu "juisi ya wakubwa" bila kuwa mbali sana na ukweli.

Kilichotutoa huko si elimu wala ustaarabu. Ni bei. Kila Desemba ilipanda kwa kisingizio cha sikukuu, na Januari ikasahau kushuka. Siku moja nikasimama mbele ya rafu ya Mangi nikiwa na noti mkononi, nikaona kwamba kwa hela ileile kuna chupa tele pembeni yake, zimejaa vumbi, zina majina ambayo Mangi mwenyewe huyaonyesha kwa kidole badala ya kuyatamka. Nikamwuliza ipi nzuri. "Zote nzuri, dada," akasema, "ila hazitoki."

Ndipo tukaanzisha upatu. Yuko wifi yangu, yuko dada mwenye saluni, yuko Mwalimu, mstaafu aliyefundisha hesabu mpaka leo anahesabu ngazi akipanda, na yuko mama mdogo, ambaye siku ya kwanza alikuja kutusuta akabaki. Masharti ni mepesi. Kila mwezi mmoja wetu analeta chupa ambayo hakuna kati yetu aliyewahi kuionja, bei mwisho elfu ishirini, na imefungwa gazeti ili mtu ahukumu kwa ulimi, si kwa picha ya kasri iliyo kwenye lebo. Mwalimu anaandika kwenye daftari la mistari.

Dada wa saluni ndiye aliyefungua dimba, na alileta Cabernet Sauvignon kavu kabisa. Tulimiminiana kwa madaha. Mama mdogo alipiga funda moja, akakaa kimya, midomo ikajikunja kwa ndani, kisha akaiweka glasi mezani akaisukuma mbali kwa kidole kimoja. "Hii imeharibika. Mrudishieni Mangi, awape hela yenu."

Haikuwa imeharibika. Kwenye mvinyo mkavu, karibu sukari yote ya zabibu imeliwa na hamira ikageuzwa kileo, kwa hiyo mtu aliyelelewa kwenye utamu anahisi amedhulumiwa. Halafu kuna tanini. Hizi hutoka kwenye maganda na mbegu, na Cabernet ina tunda dogo lenye ganda nene, kwa hiyo haina uhaba nazo. Tanini zimo pia kwenye majani ya chai. Ndizo zinazokausha ulimi ukinywa chai ya rangi iliyosahauliwa jikoni. Kwenye chai tunazituliza kwa maziwa, maana protini huzikamata kabla hazijaukamata ulimi. Kwenye waini kazi hiyo hufanywa na nyama. Mtoto akatumwa mishkaki pale kona, yenye mafuta, isiyokaushwa sana. Baada ya kijiti cha pili mama mdogo alinyoosha mkono akaivuta ile glasi, huku akituuliza habari za msiba wa Kigogo ili tusimwangalie.

Mwezi uliofuata chupa ikaja na kizibo cha kweli, cha gome la mti. Vizibo vingi vya namna hii hutoka Ureno, kwenye gome la aina ya mwaloni ambao hubanduliwa bila kukatwa. Ni jambo zuri kulisoma, lakini halisaidii kitu kama nyumba nzima haina kizibuo. Tulibisha hodi kwa majirani wote. Kila mmoja alikuwa na kifungulio cha bia, na mmoja alitupa ushauri wa kugonga kitako cha chupa ukutani kwa kutumia kiatu. Ukuta ni wa mama mwenye nyumba, tukakataa. Mume wangu akaja na bisibisi, skrubu ndefu ya mlango na plaizi, akiwa na uso wa mtu aliyeitwa kuokoa maisha. Skrubu ikaingia vizuri. Akaegemeza chupa kwenye goti, akavuta, mishipa ya shingo ikasimama, na nusu ya kizibo ikatoka na kelele ndogo ya dharau. Nusu nyingine ilikwenda chini kwa mpini wa mwiko. Tulikunywa kupitia chujio la chai. Kwenye daftari, safu ya maoni, Mwalimu aliandika: "Ladha nzuri. Vipande vingi."

Tangu siku hiyo sina aibu na chupa ya kifuniko cha kuzungusha. Watu wa New Zealand hufunga karibu mvinyo wao wote hivyo, wa bei chee na wa bei mbaya, na hakuna anayewaita washamba.

Kuna jambo lingine ambalo lebo hazitutendei haki. Nyekundu, zinatuambia, inywewe ikiwa na joto la chumba. Chumba cha nani? Wanaoandika hivyo wanawaza nyumba ya mawe Ulaya, nyuzi 16 mpaka 18. Chumba changu cha Tabata, mwezi wa pili, saa moja usiku, feni ikizungusha joto lilelile kutoka kona hii kwenda ile, kinakaribia 30. Mvinyo mwekundu katika hali hiyo hutoa kileo tu puani, ladha nyingine zote zinajificha. Nusu saa kwenye friji inatosha. Mama mdogo, ambaye tangu zamani anatia barafu kwenye kila kitu, alilichukua hili kama hukumu ya mahakama iliyompa ushindi.

Gazeti nalo limetuletea vituko. Wifi yangu ni Mgogo, na hana mzaha na kwao. Siku moja alionja nyekundu iliyofungwa, akafumba macho, akatangaza kwamba hii ni Dodoma, tena si Dodoma mjini, ni upande wa Hombolo, anaujua udongo wake. Akaeleza vumbi, akaeleza jua, akataja shamba la babu. Tukafungua gazeti: Chile. Tukanyamaza kwa heshima. Wifi akaichukua chupa, akaisoma mbele na nyuma, akairudisha mezani. "Basi wameiba mbegu," akasema.

Asijione peke yake. Mwaka 2001 Mfaransa mmoja, Frédéric Brochet, alichapisha matokeo ya jaribio alilofanya Bordeaux, yaani jikoni kwenyewe kwa mambo haya. Aliwapa wanafunzi 54 wanaosomea mvinyo glasi za mvinyo mweupe uliotiwa rangi nyekundu isiyo na ladha. Wakauelezea kwa maneno ya mvinyo mwekundu. Tangu niliposoma hilo, mtu akiniambia anasikia harufu ya tumbaku na ngozi kwenye glasi namwomba kwanza afumbe macho.

Lakini kuhusu Dodoma yenyewe wifi ana haki ya kujivuna. Wamisionari wa Kikatoliki walipanda zabibu Bihawana miaka ya 1950, wapate divai ya Misa, na mizabibu ikapenda pale kuliko walivyotarajia: ukame, mwinuko wa zaidi ya mita 1,100, mchana mkali na usiku wenye ubaridi. Ulaya mzabibu hulala wakati wa baridi na kuvunwa mara moja. Dodoma hauna baridi ya kuulaza, kwa hiyo mkulima anaupogoa na kuvuna mara mbili kwa mwaka. Kuna hata zabibu nyekundu iliyopewa jina la Makutupora, palipo na kituo cha utafiti wa zabibu. Tatizo la mkulima huwa soko. Zabibu ikiiva haisubiri, kwa hiyo wengi huikamua wakahifadhi na kuuza kile wanachokiita mchuzi wa zabibu.

Nimeujua mchuzi huo kwa karibu. Wifi alirudi likizo na zawadi kutoka kwa ndugu yake: chupa ya plastiki ya maji, lita moja na nusu, imejazwa mpaka shingoni na kufungwa kwa nguvu zote za upendo wa kifamilia. Ikawekwa juu ya friji, pembeni kwa nyuma, mahali penye joto kuliko pote jikoni. Hamira ilikuwa bado kazini, sukari ilikuwa bado ipo, na gesi haikuwa na pa kwenda. Kesho yake asubuhi kitako cha chupa kilikuwa kimetokeza kwa nje, haisimami tena, inayumba taratibu kila friji inapoguruma. Ubavuni ilikuwa ngumu ukiigusa. Mume wangu ni mtu wa bia, haamini kinywaji kisicho na povu, na kwa mara ya kwanza waini ilimvutia. Akaifungua.

Kifuniko hatujakiona mpaka leo. Dari la jipsamu lilipata mawingu ya zambarau, na mawingu yale, yakikauka, huwa kahawia. Mama mwenye nyumba alipokuja kuchukua kodi aliangalia juu kwa muda mrefu, kisha akauliza kwa upole kama tunachinjia ndani. Kilichobaki chupani, kama vikombe viwili, kilikuwa kitamu ajabu, na wifi anasisitiza hilo ndilo la kukumbukwa. Ukiletewa wewe, legeza kifuniko.

Mrithi wa ile tamu yetu, kama mtu ananiuliza, ni Chenin Blanc. Ndiyo zabibu nyeupe inayopandwa zaidi Afrika Kusini, na Dodoma ipo pia, kwa hiyo bei yake inatufaa, na bodaboda ya kurudi unabaki nayo. Haina tanini za kukukunja midomo. Ina uchachu safi, na uchachu huo nimeupatia kazi: samaki wa kupaka. Tui zito la nazi linafunika ulimi, ndimu na pilipili zinapigana chini yake, samaki ana moshi wa mkaa, na funda la Chenin baridi linapita katikati ya vyote likikusafishia njia ya tonge lijalo. Jaribu hivyo kwa ile tamu, uone nazi na sukari zinavyogombana. Mama mdogo alitafuna mpaka mwiba, akauliza kwa nini tulikuwa tunamficha kitu hiki.

Sasa hivi upatu una mgogoro. Zamu ya Mwalimu ilipofika alikuja na bodaboda mbili, moja imembeba yeye, nyingine imebeba boksi la lita 5 la shilingi 75,000. Kelele zikaanza: mwisho si elfu ishirini? Mwalimu akafungua daftari. Lita 5 ni chupa 6 na theluthi mbili, kwa hiyo kila chupa imemgharimu 11,250, na kwa hesabu hiyo upatu ndio unaodaiwa na yeye. Akatueleza pia asili ya boksi lenyewe: Thomas Angove wa Australia alilipatia hataza mwaka 1965, na mfuko wa kwanza ulikuwa unakatwa pembe kwa mkasi, unamimina, unaubana kwa kibanio. Bomba lilikuja baadaye. Hakuna aliyekuwa na jibu la kumpa mtu aliyejiandaa hivyo, tukapiga kura, boksi likapita.

Faida yake kubwa, alisema, ni kwamba mfuko hujikunja kadiri unavyopungua, hewa haiingii, kwa hiyo mvinyo uliokwisha kufunguliwa unakaa wiki kadhaa bila kuharibika. Hilo bado hatujaweza kulithibitisha.