Kumhamisha Mzee wa Boma: Mwongozo wa Kuhamia SSD Bila Kusahau Kigoda

Aliyewahi kuhama Kaloleni kwenda Njiro, hapa Arusha, anajua kwamba godoro halimnyimi mtu usingizi. Godoro linapandishwa juu ya guta, linafungwa kamba, limefika. Kinachokukosesha usingizi ni vile vidogo: bahasha ya vyeti, ufunguo wa sanduku, ile picha moja tu ya bibi iliyobaki. Kompyuta nayo inahama hivyohivyo.

Mfumo endeshi, uwe Windows au Linux, ndio mzee wa boma. Yeye huamka wa kwanza, yeye hugawa kazi, na hakuna programu inayotoka mlangoni bila ruhusa yake. Sasa watu humhamisha mzee huyu kama gunia la mkaa. Wanachomeka diski mpya ya SSD, wananakili folda iliyoandikwa Windows, wanabandika, kisha wanakuja kwangu wakilalamika kwamba mashine haiwaki. Haiwezi kuwaka. Umemleta mzee, umeacha kigoda chake kule alikotoka, na mzee hakai chini.

Mwongozo huu ni wa kumhamisha pamoja na kigoda, fimbo na wajukuu wote.

Kwanza, kwa nini ahame

Jumatatu moja asubuhi alikuja kijana mwongoza watalii, vumbi la Serengeti bado liko kwenye nyusi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umerudi salama?"

"Salama, mama. Ila hii mashine tangu jana pale lango la Naabi inalia."

Niliinamisha sikio kwenye kibodi. Tk. Tk. Tk. Kimya kidogo. Tk. Kama kuku anayedonoa bati. Mlio ule nikiusikia huwa sikai: nilizima mashine palepale na kutoa diski, kwa sababu kila dakika diski ya namna ile inapoendelea kuzunguka ni dakika ya kupoteza kitu. Tulichoweza kukiokoa tulikiokoa. Picha za wiki nzima hazikurudi.

Ndani ya diski ya kawaida mna sahani zinazozunguka. Kwenye laptopu nyingi ni mizunguko 5,400 kwa dakika, yaani 90 kwa sekunde. Juu ya kila sahani kinaelea kichwa cha kusomea, na nafasi iliyopo kati yao ni nanomita chache tu. Unywele wa binadamu una unene wa makumi ya maelfu ya nanomita. Sasa iweke mashine hiyo, ikiwa inafanya kazi, kwenye kiti cha nyuma cha Land Cruiser, uipeleke Naabi kwa barabara ya mawimbi. Kichwa kikigusa sahani, kinakwaruza, na mkwaruzo huo hauna dawa.

Hata mlima wetu una neno lake. Kichwa kile huelea kwa msaada wa hewa, na watengenezaji wengi wa diski huandika kwamba isitumike juu ya mita 3,048. Mlima Meru unafika mita 4,566. Ukilala kibanda cha Miriakamba, mita 2,514, bado uko ndani ya mpaka. Ukifika Saddle, karibu mita 3,570, umeshauvuka, na kila ukiiwasha laptopu pale unaiomba diski ifanye kazi ambayo mtengenezaji wake hakuiahidi.

SSD haina sahani wala kichwa. Ina chipu ambazo hunasa chaji za umeme na kuzihifadhi hata mashine ikizimwa. Kumbukumbu ya aina hiyo ilibuniwa na Mjapani Fujio Masuoka alipokuwa Toshiba katika miaka ya 1980. Haihitaji hewa, na mtikisiko wa barabara hauidhuru. Tena ina mbio. Diski inayozunguka hujibu maombi madogo yapatayo mia moja kwa sekunde. SSD hujibu maelfu kwa maelfu. Windows ikiamka huomba vitu vidogo vingi kwa pamoja, ndiyo maana laptopu uliyokuwa ukiiwasha kisha ukaenda kuchemsha chai, sasa utaikuta imekusubiri kabla sufuria haijapata moto.

Hatua ya 1: Pima mlango kabla ya kununua kabati

Fungua mashine au tafuta maelezo ya modeli yake. Laptopu za zamani hutumia diski ya inchi 2.5 yenye kiunganishi cha SATA. SSD ya umbo hilo huwa na unene wa milimita 7, na kama nafasi ilikuwa ya milimita 9.5, weka kipande cha plastiki kuijazia ili isichezecheze. Mashine mpya zaidi zina tundu la M.2, ambalo hupokea kadi nyembamba kama biskuti. Hapa ndipo pesa za watu zinapopotelea: kadi za M.2 ziko za SATA na ziko za NVMe, zinakaribia kufanana kwa macho, na matundu mengine hukubali aina moja tu. Nenda dukani na jina kamili la modeli ya mashine. Usiende na "ni ile HP nyeusi."

Ukubwa nao uwe na nafasi. Mzigo wako ukiwa gigabaiti 200, usinunue ya 240 ukaibana. Nunua ya 480 au 500, mradi isiwe ndogo kuliko diski ya zamani. SSD iliyojaa hadi shingoni hupunguza mwendo.

Na ukiuziwa SSD ya terabaiti 2 kwa bei ya chakula cha mchana, hiyo ni flashi ndogo iliyovishwa kanzu. Ijaribu kabla hujaipa kitu cha thamani, kwa programu ya bure kama H2testw au F3. Huijaza yote kisha huisoma, na uongo wake hujulikana siku hiyohiyo.

Hatua ya 2: Weka akiba mahali pa tatu

Diski ya zamani ni mahali pa kwanza. SSD mpya ni mahali pa pili. Siku ya kuhama zote mbili ziko mezani, zimeunganishwa kwa waya, na kosa moja la kuchagua diski ipi inakwenda wapi litafuta zote. Kwa hiyo mafaili yako, yaani tasnifu, hesabu za duka, picha za harusi, yawe na nakala kwenye diski ya tatu ambayo siku hiyo iko kabatini, haijachomekwa popote. Wanafunzi wangu wanajua kwamba hapa sina msamaha. Asiye na nakala ya tatu haguswi na bisibisi yangu.

Hatua ya 3: Muulize mzee kama kuna kufuli

Laptopu nyingi za miaka ya karibuni zimefungwa kwa BitLocker, kufuli la Windows, bila mwenyewe kujua. Ukibadilisha diski, mzee ataamka, ataona mazingira mageni, na ataomba ufunguo wenye tarakimu 48. Utafute leo kwenye akaunti yako ya Microsoft, uuandike kwenye karatasi. Au zima BitLocker kwanza, usubiri imalize kufungua, kisha ndipo uhame.

Leseni isikuogopeshe. Kwa kawaida Windows 10 na 11 huitambua mashine kwa ubao wake mkuu, kwa hiyo kubadilisha diski peke yake hakukufanyi uanze kutafuta leseni upya.

Hatua ya 4: Angalia LUKU

Msomaji wangu, hakikisha uniti za umeme zipo. Umeme ukikatika katikati ya kunakili, SSD itabaki na nusu mzee. Kwa laptopu, betri ijae na chaja iwe imechomekwa. Kwa kompyuta ya mezani, tafuta UPS hata ya kuazima. Na kama mtaani kwenu umeme umekuwa ukikatika na kurudi tangu asubuhi, acha. Hamia kesho.

Hatua ya 5: Mbebe na kigoda chake

Diski ya Windows haina chumba kimoja. Mna chumba kikubwa cha C, mna chumba kidogo cha kuwashia, na mara nyingi mna kingine cha kurekebishia mambo yakiharibika. Kile kidogo cha kuwashia, ambacho huwezi kukiona ukifungua mafaili kwa kawaida, ndicho kigoda. Kwa hiyo usinakili folda. Kloni diski nzima.

Weka SSD ndani ya kasha la USB, uichomeke. Kama una tundu la USB 3, ambalo mara nyingi huwa na rangi ya bluu, litumie. Diski ya zamani ikisoma megabaiti 80 kwa sekunde, gigabaiti 200 zitachukua kama dakika 42. Ukitumia tundu la USB 2 itakuwa zaidi ya saa moja na nusu.

Programu ya bure ninayoitumia ni Clonezilla, inayowaka yenyewe kutoka kwenye flashi. Sura yake ni maandishi matupu, ila ni mwaminifu. Sharti lake la kawaida ni kwamba diski ya kupokea isiwe ndogo kuliko inayotoa. Watengenezaji kadhaa wa SSD pia hutoa programu zao za kukloni kwa wateja wao.

Inapouliza diski ipi inatoa na ipi inapokea, inua mikono kutoka kwenye kibodi. Soma majina. Soma ukubwa. Soma kwa sauti, mtu mwingine asikie: "Hii ndogo iliyoandikwa hivi ndiyo ya zamani. Hii kubwa ndiyo mpya." Mimi husoma mara mbili hata nikiwa peke yangu. Kukosea hapa ni kuukloni utupu juu ya maisha yako.

Hatua ya 6: Aamke peke yake

Kloni ikiisha, zima kabisa. Chomoa chaja. Shika chuma kilicho wazi ili chaji ya mwilini mwako iondoke. Fungua mfuniko, tenganisha betri, toa diski ya zamani, weka SSD. Skrubu zipange kwenye karatasi kwa kufuata zilipotoka, maana ndefu ikiingia mahali pa fupi hutoboa.

Mara ya kwanza washa ukiwa na SSD peke yake. Diski mbili zilizokloniwa zina utambulisho mmoja, na Windows ikizikuta pamoja inaweza kuifungia moja nje. Isipowaka, ingia BIOS kwa F2, F10, F12 au Del kutegemea mtengenezaji, uiweke SSD ya kwanza kwenye orodha ya kuwashia. Ikiwaka na chumba cha C kikabaki na ukubwa wa zamani, kipanue ndani ya Windows uchukue eneo lililobaki tupu.

Kazi ya kupanga vipande, ile defragi tuliyokuwa tukiifanya kila mwezi, iache. SSD haina faida nayo, na kuandika ovyo hula umri wake. Windows yenyewe itaitunza.

Hatua ya 7: Usiache nyaraka kwenye nyumba ya zamani

Diski ya zamani, kama ni nzima, ikae kabatini mwezi mmoja. Ukiridhika kwamba hakuna kilichosahaulika, iweke kwenye kasha la USB iwe ya akiba. Ukitaka kuiuza, ifute kwanza kwa kuifomati kikamilifu, wala si ile fomati ya haraka ambayo huacha kila kitu mahali pake na kung'oa kibao cha mlangoni tu.

Hili nalisema hasa kwa kampuni za utalii za mji wetu. Diski zenu zina pasipoti za wageni, namba za simu, taarifa za afya za wapanda mlima. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 2023, na diski iliyouzwa na pasipoti za watu ndani ni mzigo wa aliyeiuza.

Mambo mawili ambayo SSD haitakufanyia

La kwanza, haimrudishii mzee ujana. Windows 10 iliachwa kutunzwa kwa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Kama mashine yako haikubaliwi na Windows 11, SSD itaifanya iwe na mbio lakini haitaziba matundu ya usalama. Mashine ya namna hiyo iwekee Linux Mint au Ubuntu. Laptopu ya miaka kumi yenye SSD na Linux bado inaandika barua, inapiga hesabu na inafundisha mtoto. Shule ngapi hapa chini ya Meru zina stoo ya kompyuta zilizoitwa mbovu, na ugonjwa wake ni diski tu?

La pili, haikuonyi. Diski ya zamani mara nyingi hudonoa bati kabla ya kufa, na mwenye masikio hupata siku ya kuokoa. SSD inaweza kukaa kimya siku moja na isiseme tena. Faili lililofutwa humo nalo ni vigumu mno kulirudisha, kwa sababu SSD husafisha vyumba vilivyoachwa ili vipokee wageni wapya.

Kwa hiyo, ndugu yangu, kabla hujalegeza skrubu ya kwanza, nioneshe kwa kidole mahali ilipo nakala ya tatu ya mafaili yako. Kama kidole hakina pa kuelekea, rudisha mfuniko, kaitengeneze nakala hiyo, kisha uje tumhamishe mzee.