Sanduku la Kufuli Tatu

Sina ugomvi na aliyeshinda urais mwaka 2015, wala na aliyeshindwa. Wote wawili wametangulia mbele ya haki, Mungu awapumzishe. Ugomvi wangu ni na mashabiki wao wawili, ambao wako hai, wana afya tele, na kwa bahati yangu mbaya wamejenga kushoto na kulia kwangu hapa Ruhuwiko, Songea.

Wa kushoto ni shemeji, kaka wa mke wangu, mtu wa CCM, kijani kuanzia kofia hadi soksi. Wa kulia ni fundi seremala, mtu wa Ukawa, muungano wa upinzani, ambaye mwaka ule alizungumzia mabadiliko kama mzigo aliokwisha kuulipia nauli, unaoshuka na basi la jioni kutoka Makambako.

Siku zile kura zinahesabiwa, Jaji Lubuva, mwenyekiti wa Tume ya Uchaguzi, alikuwa anatusomea matokeo kwenye televisheni, jimbo kwa jimbo, na watu wazima wenye mashamba yasiyolimwa walikaa na madaftari wakijumlisha. Fundi alikuwa na jumla yake, shemeji ana ya kwake, na zote mbili zilikataa kufanana na ya Tume. Kutumiana kwenye simu waliogopa. Sheria ya makosa ya mtandao ilikuwa imeanza Septemba tu, na kila mtu mtaani alikuwa na binamu anayemfahamu mtu aliyekamatwa. Basi wakawa wanatembeza takwimu kwa miguu, na kituo cha kupumzikia kikawa kibaraza changu. Sukari ya nani? Yangu.

Alhamisi ya tarehe 29 Oktoba ikatangazwa: Magufuli wa CCM kura 8,882,935, asilimia 58.46, Lowassa wa Chadema na Ukawa kura 6,072,848, asilimia 39.97. Chadema nao wakasema mtu wao ndiye mshindi, kwa asilimia 62. Nchi moja, marais wawili, na mimi katikati na birika.

Shemeji alitoka nje akapiga kelele mpaka kuku wa fundi wakaruka ua. Halafu, kwa kuwa mgombea wake alikuwa amepiga pushapu jukwaani kwenye kampeni, naye akaona apige. Ana kitambi. Ya kwanza ilikwenda, ya pili akabaki chini. Tulimnyanyua watu watatu, akiwa bado anasema "hapa kazi tu" kwa sauti ya mtu anayekata roho. Kwa wiki nzima dada yake, yaani mke wangu, alikuwa anakwenda kumkanda mgongo, na mimi nikala ugali uliopikwa na watoto.

Fundi yeye alifunga kiwanda. Alikuwa na kabati langu, fremu imesimama, milango bado, na malipo ya awali ameshayala. Nikaenda kuuliza. Akanitazama kwa huruma, akasema, "Kaka, nchi imechakachuliwa, wewe unauliza kabati?" Akanifungulia Katiba, ibara ya 41, ibara ndogo ya 7: Tume ikishamtangaza mtu kuwa Rais, hakuna mahakama itakayouchunguza uchaguzi wake. "Sasa niambie, mimi nikalalamike wapi?" Nilitaka kumuuliza mwenye kabati naye analalamikia wapi, lakini alikuwa ameshika randa.

Ugumu wa Songea ni kwamba hata rangi ya shati haikukuambia kitu. Julai ile Dodoma, Kamati Kuu ya CCM ilipolikata jina la Lowassa, kabla hajahamia upinzani, aliyekuwa mbunge wetu, Emmanuel Nchimbi, alisimama na Sophia Simba na Adam Kimbisa mbele ya waandishi, wakasema hawakubaliani. Kwa hiyo kulikuwa na kijani cha kushangilia na kijani cha kununa, na ukikutana na mtu gengeni ilibidi umsome uso kabla ya kumsalimia.

Hayo yote ningeyavumilia. Lililonishinda ni sanduku la VICOBA, kikundi chetu cha kuweka na kukopa.

Wenye vikundi wanajua: sanduku lina kufuli tatu na funguo zinashikwa na watu watatu, ili mmoja asije akaamka usiku na mawazo. Kwetu wa kwanza alikuwa shemeji, wa pili mke wa fundi. Wa tatu ni mzee mmoja mpole ambaye mpaka leo anaapa alimpigia Anna Mghwira, mgombea urais wa ACT. Mama yule alipata kura 98,763 nchi nzima, na moja ilitoka kwa mshika ufunguo wetu.

Jumamosi ya kikao, mke wa fundi hakutokea. Akatuma neno kwamba hawezi kukaa meza moja na watu waliosherehekea. Ndani ya sanduku kulikuwa na mkopo wa mke wangu wa mbolea, na mvua Songea haingoji maridhiano. Tukapeleka shauri kwa mwenyekiti wa mtaa. Naye ana chama chake, shemeji na fundi wakamkataa kabla hajafungua mdomo. Mzee wa Anna Mghwira akajitolea kusuluhisha. Wote wawili wakamuuliza, kwa mara ya kwanza wakiwa na sauti moja, yeye ana asilimia ngapi.

Ikabidi sanduku livunjwe bawaba. Na mwenye patasi na msumeno mtaani ni nani? Aliyeko msibani.

Fundi alikuja, lakini kwa sharti: hela ihesabiwe upya mbele yake. "Dar imeshindikana," alisema, "hapa haitashindikana." Akavunja, akahesabu. Akahesabu tena. Akaomba daftari, akalinganisha sahihi moja moja huku akiinua baadhi ya karatasi kuelekea kwenye mwanga. Ilikuwepo yote, hadi sarafu. Nilimwona uso unamshuka. Akasimama, akajifuta vumbi la mbao, akasema hesabu imetimia lakini yeye hayatambui matokeo. Kikundi kikagawanyika siku hiyo hiyo, vikawa viwili, na mke wangu anachangia vyote ili asionekane ana upande.

Ugonjwa ukaenea. Zanzibar, mwenyekiti wa Tume yao, Jecha Salim Jecha, alikuwa amefuta uchaguzi mzima siku moja kabla ya tangazo la Lubuva, basi kijiweni kwetu mtu drafti likimwelemea anakung'uta kete na kutangaza mchezo umefutwa. Mpaka marudio ya Machi 2016 yanafika, hapakuwa na mchezo hata mmoja uliokamilika.

Halafu kuna ndege. Uwanja wa ndege wa Songea uko hapa hapa Ruhuwiko. Bombardier za ATCL, zilizonunuliwa na serikali ya Magufuli, zilipoanza kutua, shemeji alikuwa anatoka nje kila zikinguruma, anashika kiuno na kutazama kiwanda cha fundi hadi zinyamaze. Hajawahi kupanda ndege maishani. Fundi naye akisikia mngurumo anaanza kugongelea misumari iliyokwisha kugongwa. Katikati ya injini na nyundo nilikuwa nimelala mimi, nimetoka zamu ya usiku.

Wakubwa, kumbe, hawana roho hizi. Mwaka 2017 Anna Mghwira akateuliwa na Magufuli huyo huyo kuwa Mkuu wa Mkoa wa Kilimanjaro, na mzee wetu akatembea kifua mbele mwezi mzima. Machi 2018 huko Kenya Uhuru na Raila wakashikana mikono hadharani, miezi michache tu baada ya Mahakama yao kufuta matokeo na uchaguzi kurudiwa. Na tarehe 1 Machi 2019 Lowassa akarudi CCM, Magufuli akampokea ofisi ndogo ya Lumumba, wanacheka.

Nilikimbia kwa majirani zangu na habari hiyo nikidhani nimepona. Fundi akasema yeye hakumpigia Lowassa, alipigia mabadiliko. Shemeji ndiye aliyeumia zaidi: miaka minne amemtukana mtu, na sasa anatakiwa kumwita mwenzetu. Alivua kofia, akaigeuzageuza, akaniuliza kama fundi ameshapata taarifa. Nikamwambia nenda kamwambie mwenyewe. Akamtuma mwanawe.

Hapo ndipo tulipokosea kutazama. Kijana wa shemeji na binti wa fundi walikuwa kidato cha pili mwaka ule wa uchaguzi, na kwa kuwa wazazi hawasemeshani, wao ndio waliopeleka ujumbe: rudisheni ngazi yetu, mbuzi wenu amekula mchicha. Miaka yote hiyo wakipeleka ya wazazi, kumbe na ya kwao yalikuwemo. Sasa wanataka kuoana.

Mshenga ni mimi. Nilipeleka barua ya posa kwa hatua zisizofika hamsini na nikahisi nimevuka mpaka wa nchi. Fundi ametaja mahari, shemeji amelia, wamekaribiana. Ila fundi ameweka masharti ya siku ya kupokea: kila upande ulete mawakala, fedha ihesabiwe kwa sauti mbele yao, na fomu ya matokeo isainiwe na kubandikwa mlangoni. Shemeji amekubali yote, anachouliza ni nani atakuwa Tume.

Wote wananitazama mimi. Nimekataa. Jaji Lubuva alikuwa na ulinzi. Mimi nina mke, na mke mwenyewe ni dada wa mmoja wa wagombea.